Mlinzi Aliyeacha Kuuliza Shida: Wasifu wa Melkiori Ansbert Kavishe, 1958–2025

Waombolezaji wenzetu, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Wasifu huu unasomwa na Eliakimu, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane. Marehemu mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo. Alisema watoto wake wangelia katikati na kumeza maneno, na kwamba Eliakimu hana tabia ya kulia wala ya kumsifu mtu kupita kiasi. Aliagiza pia usitiwe chumvi. Yatakayosemwa hapa ndiyo yaliyotokea, na tarehe zake zimehakikiwa kwenye vitabu, maana marehemu alikuwa mtu wa vitabu vya getini.

Melkiori Ansbert Kavishe alizaliwa Jumatatu, tarehe 6 Januari 1958, katika kijiji cha Mengwe, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Ansbert Kavishe na Mama Ludovika. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mamajusi, na katekista aliyepita kumwona mtoto akawaambia wazazi wachague moja kati ya majina ya wale wageni watatu. Baba alitaka Baltazari. Mama akasema jina hilo ni refu mno kwa mtoto mdogo kiasi kile, basi akaitwa Melkiori. Ukiyahesabu herufi kwa herufi hayapishani sana, lakini Mama Ludovika alikuwa habishiwi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alichojaliwa ni mwandiko. Mwalimu wake alimkabidhi daftari la mahudhurio akiwa darasa la tano, na siku moja Melkiori alipochelewa kwa sababu ya kukata majani ya ng'ombe, alifika, akafungua daftari, akajiandika hayupo. Wenzake walimcheka mpaka wakamaliza shule.

Mwaka 1976 aliteremka Dar es Salaam kwa baba yake mdogo, Mzee Elibariki, aliyekuwa na duka la jumla la vitambaa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Biashara ilimshinda. Mteja akishika kitambaa akauliza kama rangi itakaa, Melkiori alimwambia haitakaa. Mzee Elibariki alimvumilia miaka saba, akijua fika kwamba damu ni yake na hasara ni yake, halafu akamtafutia kazi ya mahali ambapo ukweli hauna madhara. Tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa kuwa mlinzi wa geti katika karakana moja ya mabehewa, Gerezani.

Geti lile alilikalia miaka ishirini na nane. Kazi yake ilikuwa kitabu cha wageni chenye safu nne: jina, anakotoka, anakwenda kwa nani, na shida yake. Mtu akifika, Melkiori aliinuka, akasalimia, akauliza, "Una shida gani?" Mwenye shida aliandikwa akapita. Asiye na shida alirudi alikotoka. Hakuwa mkali. Hata waliorudishwa waliagana naye vizuri.

Katika geti hilo hilo ndiko alikompata mke. Mektilda, dada yake huyu anayesoma, alikuwa mama lishe, akiwapelekea mafundi wali na maharage. Kila siku kitabuni iliandikwa: Mektilda, kutoka Gerezani, kwa mafundi, shida chakula. Tarehe 14 Machi 1985 alifika mikono mitupu. Melkiori akamuuliza shida yake kama anavyomuuliza mtu yeyote, na dada akamjibu kwamba shida yake ni yeye muulizaji. Kitabu kipo nyumbani, mwenye shaka aombe aonyeshwe. Kwenye safu ya nne, kwa mwandiko ule mzuri, imeandikwa: binafsi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1986, kanisani kwao Rombo, wakajaliwa watoto watatu, Rachel, Jovin na Brightness.

Karakana ilifungwa mwaka 2011. Mabehewa yaliondoka, mashine zikaondoka, mafundi wakatawanyika. Jengo likakarabatiwa, na mwezi Septemba 2012 likafunguliwa kuwa Makumbusho ya Sanaa ya Karakana. Melkiori alibaki. Mwenyewe alipenda kusema kwamba alirithiwa pamoja na milango. Walimpa sare mpya na kitabu kipya, nacho akakipigia mistari safu zile zile nne.

Hapa ndipo ilipo sehemu aliyotaka isemwe bila kupunguzwa.

Makumbusho yale yalijengwa kwa nia njema, na msimamizi wa maonyesho, Bi Badria, binti wa Kariakoo kabisa, alitaka watu wa mtaani kwake waingie. Kiingilio kilifutwa kwa wakazi wa jiji. Bango kubwa likatundikwa ukutani limeandikwa KARIBUNI NYOTE. Walikuja wageni wa nje, wakaja wanafunzi na walimu wao, wakaja watu wa balozi. Watu wa Gerezani na Kariakoo, ambao wangeweza kufika kwa miguu, hawakuonekana. Mtaalamu mmoja akaitwa, akaandika ripoti kwamba wakazi wa eneo hili hawana mwamko wa sanaa. Melkiori alikuwa amekaa nje ya mlango wa chumba cha mkutano siku ripoti inasomwa. Alisikia na akaamini.

Jumanne, tarehe 11 Machi 2014, saa nne asubuhi, alifika mwanamke mtu mzima aliyejifunga kanga, mwembamba, anatembea akipapasa ardhi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Melkiori aliinuka.

"Shikamoo mama. Una shida gani?"

"Marahaba. Sina shida, baba."

Akasimama kidogo. Melkiori naye akasimama, kalamu mkononi, anangoja shida. Yule mama akatazama bango, akatazama mlango, akasema, "Haya, asante," akaenda zake. Kitabuni hakuandikwa, kwa kuwa safu ya nne isingejazwa.

Alasiri Bi Badria akatoka ndani ana wasiwasi, akauliza kama kuna mama yeyote aliyefika kutoka Buguruni. Alikuwa akimngoja Bi Siwema binti Uledi, mshonaji wa mikeka. Mkeka wake mmoja ulikuwa umenunuliwa kwa mtu mwingine na kutundikwa ukumbi mkubwa, na Badria alikuwa amehangaika miezi miwili kumtafuta ili aje auone. Melkiori angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeona, na kitabu kilikuwa cheupe. Lakini ni yule yule aliyejiandika hayupo darasa la tano.

"Mimi nimemrudisha," alisema.

"Ulimwambia nini, mzee?"

"Nilimuuliza shida yake."

Bi Badria hakumgombeza. Alikaa kwenye kiti cha mlinzi, akashika kichwa, akauliza kwa sauti ndogo ni wangapi wengine. Melkiori akaanza kuwakumbuka. Walikuwepo wauza maji, mafundi wa zamani wa karakana, akina mama wawili waliotoka sokoni na mabeseni yao. Wote aliwauliza, wote wakasema hawana shida, wote aliwaaga. Usiku huo hakula, na Mektilda ni shahidi. Aliona haya, na alisema hivyo kwa maneno hayo hayo: naona haya.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Buguruni na kilo mbili za sukari, akaulizia sokoni mpaka akaonyeshwa nyumba. Alimkuta Bi Siwema barazani anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, bila kuutazama. Akaomba radhi. Bi Siwema akapokea sukari, akamkaribisha aketi, akamwambia asijisumbue.

"Wewe hukunifukuza, baba. Uliniuliza shida, nami sikuwa nayo."

Melkiori akamsihi aje tena, hata kesho. Alikataa kwa adabu ile ya watu wa pwani, ambayo ukitoka hapo hujui umekataliwa mpaka ufike nyumbani. Alisema, "Nikipata shida nitakuja." Kisha akamweleza kwa nini alitaka kuuona ule mkeka. Miaka hamsini alikuwa anaiona kazi yake ikiwa chini, imekaliwa, imelaliwa, imeswaliwa. Alitaka kuiona mara moja ikiwa ukutani, watu wamesimama mbele yake. Na haraka yake ilikuwa macho. Hospitali walikuwa wamemwambia ana presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi.

Basi kuanzia siku hiyo Melkiori alikuwa na jambo moja moyoni, kumwingiza Bi Siwema ndani kabla macho hayajafunga.

Kwanza aliharibu kitabu. Alichukua rula na kalamu nyekundu akafuta safu ya nne, na wiki iliyofuata akafuta ya tatu. Kiti chake akakitoa getini akakipeleka mlangoni, na mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara alikwishainuliwa mkono na kuambiwa karibu. Hakuuliza kitu. Mwanzoni watu walidhani anauza.

Halafu akaanza kuona ambayo mtaalamu hakuyaona. Mtu wa Kariakoo hatembei mikono mitupu. Ana furushi la mitumba, ana beseni, ana katoni ya vyombo, na hawezi kuliacha nje wala haingii nalo mahali penye vioo. Melkiori akafungua kibanda cha zamani cha vifaa, akapanga mizigo humo na kuilinda yeye, akiandika namba kwa chaki. Siku ya Jumamosi kibanda kilinuka vitunguu. Wakaingia wamachinga, wakaingia wabeba mizigo wa bandarini waliokuwa wanangoja meli, wakakaa kwenye mabenchi ya karakana aliyoyaokota uani na kuyafuta vumbi.

Mbaruku, muuza vipuri wa Gerezani ambaye wengi wenu mnamfahamu, na yupo hapa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, alikuwa akipita nje kila siku anaangalia ngazi tisa za mlango mkubwa. Melkiori alikumbuka kwamba upande wa nyuma upo mteremko uliokuwa ukitumika kusukumia magurudumu ya mabehewa, nao umezibwa kwa vyungu vya maua. Aliviondoa vyungu kumi na vinne asubuhi moja bila kumwomba mtu ruhusa. Alipewa barua ya onyo. Barua hiyo aliitilia fremu, na Bi Badria, aliyeisaini kwa kulazimika, ndiye aliyemnunulia fremu.

Lakini Bi Siwema hakuja. Melkiori alikwenda Buguruni kila mwezi kwa miaka mitatu. Hakumwomba tena. Alikwenda kusalimia, akanywa chai, akaona jinsi yule mama anavyozidi kusogeza kikombe kwa kukipapasa. Mwaka 2016 alimsalimia kutoka hatua mbili na Bi Siwema akauliza nani huyo. Siku hiyo Melkiori alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amechelewa, na kwamba hilo ni la kwake peke yake.

Huenda angeishia hapo. Ila watu waliokuwa wakiingia sasa walikuwa watu wa mikeka, si wa ripoti. Walisimama mbele ya ule mkeka wa ukutani na kumuuliza Melkiori maswali ambayo hakuweza kuyajibu. Huu umeanzia kona ipi? Kwa nini rangi imefifia namna hii? Mwanamke mmoja kutoka Mbagala alisema waziwazi kwamba mkeka huu una kasoro, ila hajui ni nini. Mwezi Agosti 2017 Melkiori alikwenda Buguruni, akaketi, na safari hii hakungoja chai.

"Mama," alisema, "leo mimi ndiye mwenye shida."

Akaieleza shida yake, kwamba anaulizwa na hana jibu, na mwenye jibu yuko hapa. Bi Siwema alicheka sana. Akamwita mjukuu wake Hajira amletee kanga ya kutokea.

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 2017, saa tatu asubuhi, alifika ameshikwa mkono na Hajira. Mlangoni akasimama, akasema, "Hodi." Melkiori alikuwa amelifikiria jibu lake kwa miaka mitatu, na lilikuwa neno moja. "Karibu." Akamshika mkono wa pili, wakapita.

Pale ukutani palikuwa na kibao kinachokataza kugusa. Bi Badria akakitoa, akakitia mfukoni. Bi Siwema akaweka viganja vyake juu ya mkeka, akavipeleka pole pole kutoka pembe hadi pembe, akarudi katikati, akasimama. Vidole vyake vilikuwa vimekuta ncha za miyaa ya mkindu, zile ncha fupi ambazo msukaji huziachia upande wa chini pasipoonekana.

"Mmeutundika mgongo," alisema.

Miaka mitatu na nusu wageni, wanafunzi, watu wa balozi na mtaalamu walikuwa wamesimama mbele ya mgongo wa mkeka, wakapiga picha na kuusifia. Bi Badria aliinama. Melkiori akaanza kuomba radhi upya, ya leo na ya mwaka ule, kwamba kama asingemrudisha angeuona kwa macho yake. Bi Siwema akamkatiza.

"Afadhali ulinirudisha. Ningekuja nikaona mgongo wake, na macho yangu ya mwisho yangeishia hapo."

Melkiori alilia, mbele ya watu, na hakujificha. Wengi wenu mlidhani kilio chake ni cha msibani tu.

Mkeka ukashushwa, ukageuzwa, ukatundikwa. Zambarau ikatokea, na nyeusi, na ile nyekundu iliyokolea, iliyokuwa imeelekea ukutani miaka yote ikiwa imara. Bi Siwema akaketi kwenye benchi la karakana akasema, "Haya niambie, unaona nini?" Na mtu aliyekuwa ameandika maneno mawili mawili maisha yake yote akaanza kusema. Alieleza ukili kwa ukili, rangi kwa rangi, mstari unapoanzia na unapopinda. Alisema watu wangapi wamesimama mbele yake na wanaangalia wapi. Alisema mwanamke mmoja amevua viatu. Ilichukua zaidi ya nusu saa. Alipokosea, Bi Siwema alimsahihisha kwa kumbukumbu.

Tangu siku hiyo Bi Siwema alikuja kila Jumamosi kufundisha kusuka, mpaka alipofariki Januari 2021, na Melkiori ndiye aliyebeba upande wa kulia wa jeneza mpaka makaburini. Nayo kazi ya kumweleza asiyeona kilichopo ukutani ikawa kazi rasmi pale Karakana. Vijana wanafundishwa. Melkiori alistaafu ulinzi mwaka 2018 alipofikisha miaka sitini, akabakizwa kwa mkataba akiitwa mpokea wageni, hadi Desemba 2023. Kitabu chake cha mwisho kina safu moja tu ya majina, na kurasa zote zimejaa.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2019, nalo likaja kuharibu figo. Kuanzia Juni 2024 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hakulalamika kuhusu sindano. Alilalamika kuhusu viti vya kungojea, kwamba vimewekwa mbali na mlango na mgonjwa hajui kama ameonekana, na wauguzi wawili watatu walijikuta wakivisogeza. Siku ya mwisho alipopelekwa, daktari kijana alimwinamia akamuuliza, "Mzee, una shida gani?" Mektilda anasema alitabasamu, akamtazama yule kijana kwa huruma, akajibu, "Leo ninayo, mwanangu." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyosikika vizuri. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Wapo ndugu waliohoji kwa nini hakupelekwa Rombo kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, na wana haki ya kuhoji. Ni yeye aliyetaka alazwe hapa Kinondoni. Alisema kule mlimani mtu wa Buguruni akija kumtembelea ataulizwa njia nzima anakwenda kwa nani.

Ameacha mjane, Mektilda, watoto watatu, Rachel, Jovin na Brightness, na wajukuu saba, mdogo wao akiwa Lucky mwenye miezi mitano. Ameacha kaka wawili na dada mmoja, Bi Badria na wenzake wa Karakana, Mbaruku, na Hajira, ambaye sasa ndiye anayefundisha kusuka Jumamosi. Mkeka uliotandikwa hapa chini ya jeneza ni wa Hajira. Ameukagua mwenyewe asubuhi hii, na uso wake uko juu.

Familia haina ombi kubwa. Tunaomba tu kwamba huko alikofika asikute mtu na kalamu anayemuuliza shida yake. Aonekane akiwa bado mbali, aambiwe karibu, apite, apumzike.